Saa Yetu Inaishia Addis Ababa

Kwa mama yangu, mbali ni Ndundu. Hapo ndipo palipokuwa na pantoni ya kuvukia mto Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na mtu yeyote wa Mtwara au Lindi mwenye umri wa mama ana usiku wake aliolala pale, mvua inanyesha, mto umefura, magari yamejipanga na pantoni haivuki. Basi dada yangu alipopiga simu kutoka Toronto, mwezi wa nane, kusema ana mimba ya miezi mitano na anataka mama aende akamlee uzazi, mama hakuuliza nauli, hakuuliza baridi. Aliuliza, "Huko kuna Ndundu ngapi njiani?"

Nikashika simu, nikaandika Mtwara, nikaandika Toronto. Jibu likaja: kilomita 13,180 hivi, muda wa kuruka saa 15. Nikamsomea.

Mama akanyamaza kidogo. "Saa kumi na tano? Mbona karibu. Mwaka ule wa mvua tulitoka hapa Ijumaa tukaingia Dar Jumatatu."

Aliridhika, nami nikaridhika. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba jibu nililompa, ijapokuwa tarakimu zake zote zilikuwa sahihi, halikuwa jibu la swali lake.

Nina duka dogo la steshenari Chikongola. Watu huja kuchapisha tiketi, fomu za viza, barua za mwaliko. Mtwara ya sasa inasafiri: mfanyabiashara wa korosho anayemfuata mnunuzi India au Vietnam, mwanafunzi anayekwenda China, wazee wanaokwenda Umra, kijana aliyepata kazi Ghuba. Karibu wote huuliza swali la mama kwa maneno yao, na zamani wote nilikuwa nawasomea namba ile ile ya mtandaoni. Siku hizi siwasomei mpaka kwanza tumekaa tukaongea.

Nianze na kilomita, kwa sababu zenyewe hazina kosa. Zinapatikana kwa kupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili, na kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo haifanani na mstari unaouchora kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mama hakunielewa mpaka nilipochukua balungi sokoni. Nilichora kwa kalamu mstari wa ikweta, nikaweka nukta ya Mtwara chini yake kidogo, nikaweka nukta ya Toronto juu upande wa pili, nikampa uzi. "Uvute mpaka ukaze." Uzi ukikazwa juu ya kitu cha mviringo hujichagulia wenyewe njia fupi. Ukatoka Mtwara kuelekea kaskazini magharibi, ukakata Kongo, ukapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukaingia jangwani Algeria, ukatokea Moroko, ukavuka Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Kwenye ramani ya ukutani rula ingetuambia tupite Senegal. Mama aliuangalia uzi ule muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kilichomshangaza ni kwamba ili kufika kwa binti yake ingebidi apite juu ya Sahara. "Watu walikufa na kiu humo," alisema, "na mimi nipite nimekaa kwenye kiti."

Kwa hiyo kilomita ni za kweli. Shaka inaanza kwenye saa. Kurasa hizo za mtandaoni huchukua umbali, zikaugawa kwa mwendo wa ndege kubwa, ambao ni kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa, zikaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Hesabu nzuri, ila ndege yenyewe haipo. Hakuna ndege inayotoka Mtwara ikatua Toronto, wala kutoka Dar ikatua Toronto. Saa 15 ni muda wa uzi, si wa mtu.

Mtu hupita vituoni. Kutoka Dar es Salaam unaweza kupitia Dubai, Doha, Istanbul, Amsterdam au Addis Ababa, na hapo ndipo balungi lilipotusaidia mara ya pili. Dubai iko mashariki ya Dar, Toronto iko magharibi. Anayepitia Dubai anaanza kwa kuipa safari mgongo. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 3,980, Dubai hadi Toronto kama 11,080. Ukijumlisha na kilomita 400 za angani kutoka Mtwara hadi Dar, unapata zaidi ya 15,400. Kupitia Addis, Dar hadi pale ni 1,760, kisha 11,500, na jumla yake pamoja na kipande cha Mtwara haifiki 13,700. Tofauti na uzi wetu wa balungi haizidi kilomita 500. Addis imekaa karibu na njia. Tukachagua Addis, na fedha ilitoka kwenye korosho: msimu huo malipo ya mnada yaliingia mapema, mama akasema mikorosho aliyoipanda marehemu baba ndiyo inampeleka akamwone mjukuu.

Tiketi ilipotoka nikaichapisha dukani, na kabla sijampa nikachukua kalamu nyekundu. Hili naliona ni kubwa kuliko kilomita zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tiketi ilisema ndege inaondoka Dar 17:20, inafika Addis 20:10, inaondoka Addis 22:30, inafika Toronto 06:45, na pembeni yake alama ya kujumlisha na moja. Hakuna hata moja ya saa hizo ambayo mama angeisoma sawasawa. Sisi saa yetu inaanza jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa moja baada ya kucha. Saa sita ni jua utosini. Saa kumi na mbili jioni ni magharibi. Tiketi inaanza kuhesabu usiku wa manane. Jirani yetu mmoja aliwahi kupewa tiketi imeandikwa 07:10, akafika uwanja wa ndege saa 6 mchana ili awahi ndege ya saa 7 na dakika 10. Ndege ilikuwa imeondoka saa 1:10 asubuhi. Mzee wa watu, amesoma Kurani yote, amelea watoto tisa, ana hesabu za biashara kichwani bila daftari, akakaa kwenye benchi la uwanjani na begi lake hajui amekosea wapi. Hakukosea. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi ile inahesabu siku kwa namna nyingine.

Tangu hapo, tiketi inayotoka dukani kwangu hutoka na wino mwekundu. Juu ya 17:20 niliandika "saa 11:20 jioni Jumanne", juu ya 22:30 "saa 4:30 usiku Jumanne", na juu ya 06:45 "saa 12:45 asubuhi Jumatano, kwa saa ya huko, nyumbani itakuwa saa 8:45 mchana." Alama ya kujumlisha na moja nikaizungushia duara: maana yake utafika kesho yake. Ukinunua tiketi popote, omba uandikiwe hivi. Ni dakika tano za mtu mwenye kalamu.

Barabara sasa. Mtwara hadi Dar ni karibu kilomita 560 kwa gari, na mama alikuwa ameshazipita mara mbili kabla safari haijaanza, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kuacha alama za vidole za viza, jambo ambalo halikuweza kufanyika hapa. Vidole kumi, dakika kumi, kilomita 1,120. Ukizijumlisha na zile za siku ya kuondoka, mama alisafiri nchi kavu kilomita karibu 1,700 ndani ya Tanzania hii ili apate kupanda ndege. Hakuna ukurasa wowote wa mtandaoni unaoziweka hizo kwenye hesabu.

Siku ya kuondoka tulikuwa tumepanga apande ndege ya asubuhi Mtwara, afike Dar mchana, aunganishe jioni. Siku tatu kabla, ujumbe ukaja kwenye simu kwamba ndege ile ya Mtwara imesogezwa mpaka jioni. Ndipo nilipojifunza jambo lingine ambalo sasa huwaambia wateja: ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, shirika la pili halikujui wala halikusubiri. Ukichelewa kwa sababu ya shirika la kwanza, hasara ni yako. Tiketi moja inayobeba safari nzima huwa ghali kidogo, lakini anayekuchelewesha ndiye anayepaswa kukupeleka. Sisi tulikuwa na mbili. Tukaacha ile ya Mtwara, tukakata basi la siku moja kabla.

Tulitoka nyumbani Mikindani saa 10 alfajiri Jumatatu, nikamsindikiza mpaka Dar. Basi likaondoka saa 12. Mingoyo, Lindi, Mchinga, kote mama alikuwa macho anatazama nje kama mtu anayeaga. Nangurukuru tulikula wali na samaki. Tulipokaribia Somanga akanionyesha mahali ambapo barabara ilikatika Mei 2024, wakati wa mvua na kile kimbunga Hidaya, Kusini yote ikawa kisiwa kwa siku kadhaa. Halafu tukafika darajani. Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970. Basi huchukua chini ya dakika mbili. Mama huwa anasoma dua kila akilivuka. Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu, wa Lupaso kule Masasi, na wapo wazee wa huku wanaosema kwamba lile daraja ndilo lililotuingiza Tanzania. Sidhani wanatia chumvi. Kabla yake, asiyetaka kulala Ndundu alipanda meli, na meli iliyokuwa ikifanya kazi kati ya Dar na Mtwara miaka ile iliitwa Canadian Spirit. Mama aliipanda mara mbili, akatapika usiku kucha mara zote mbili. Neno Kanada alilijua kutoka ubavuni mwa meli ile, miaka mingi kabla hajawa na mtoto huko.

Jioni saa 10 tukaingia Mbagala, tukalala kwa shangazi. Kesho yake nikamfikisha uwanjani. Mlangoni wasiosafiri hawaingii, kwa hiyo kuanzia hapo ninasimulia alivyonisimulia.

Kutoka Dar hadi Addis ni chini kidogo ya saa tatu. Jua lilizama ndege ikiwa angani, akaliona likizama taratibu upande wa kushoto. Uwanjani Addis alipata mfanyakazi mmoja, binti, akamwonyesha tiketi yenye wino mwekundu. Binti yule hakujua Kiswahili na mama hakujua Kiingereza wala Kiamhari. Akaonyesha saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole: nne na nusu. Mama akashtuka kwa furaha. Saa ya ukutani ilisema vingine, lakini vidole vya binti vilisema saa nne na nusu, saa yetu, ile ile ya Mikindani!

Na ndivyo ilivyo. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: siku inaanza alfajiri, na saa 1 yao ni saa 1 yetu. Tena wako kwenye ukanda mmoja wa saa na sisi. Mama anasema pale ndipo alipojisikia bado yuko nyumbani, ijapokuwa watu wote walikuwa wanasema lugha asiyoijua. Alisali magharibi na isha pamoja, kama msafiri, katika chumba cha kusalia, akapanda ndege ya pili.

Ule ndio mpaka wenyewe, ingawa hakuna aliyeuwekea kibao. Saa yetu ni ya watu wanaoishi karibu na ikweta. Hapa Mtwara jua huchomoza kati ya saa 11:45 na saa 12:40 alfajiri mwaka mzima. Mwezi wa sita linachelewa kidogo, mwezi wa kumi na mbili linawahi kidogo, basi. Unaweza kujengea maisha juu ya jua la namna hiyo. Ukienda kaskazini sana, jua linaacha kuwa saa.

Usiku ule mama hakuuelewa, na mimi nilipouhesabu baadaye nilikaa kimya. Ndege ilisimama Dublin kuongeza mafuta, kisha ikaendelea. Kwenye kioo cha kiti kilicho mbele yake kulikuwa na ramani na namba, na mama, ambaye tarakimu hazimpigi chenga, alikuwa anaangalia kilomita zilizobaki zikipungua: 5,000, 4,200, 3,600. Kila akitazama nje ni giza. Alilala, akaamka, giza. Akala, akalala, akaamka, giza. Sheikh wetu alikuwa amemwambia asifuate saa ya Mikindani. Alfajiri aisali atakapoiona kwa macho, popote atakapokuwa. Kwa hiyo alikuwa anaitafuta alfajiri dirishani kama mtu anayengoja basi.

Ardhi ya Mtwara inazunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa kama kilomita 1,640 kwa saa, ndiyo maana jua linatupita upesi. Lakini mzingo wa dunia unapungua kadiri unavyokwenda kaskazini. Kwenye usawa wa Dublin ardhi inazunguka kwa kilomita karibu 1,000 kwa saa tu, na ndege inayoruka kuelekea magharibi kwa kilomita 800 kwa saa inakuwa kama inakimbizana na usiku, ikibaki nao muda mrefu. Jua lililozama mbele ya macho ya mama akitoka Dar lilichomoza Toronto saa 1:25 asubuhi kwa saa ya huko, ambayo Mtwara ilikuwa saa 9:25 alasiri. Usiku mmoja wa saa 21. Mstari wa kwanza wa mwanga aliuona nyuma ya bawa, muda mfupi kabla ndege haijaanza kushuka. Akasali alfajiri amekaa kitini. Mikindani tulikuwa tumeshasali adhuhuri.

Dada alimfikisha nyumbani kwake saa 3 asubuhi Jumatano, ambayo kwetu ilikuwa saa 11 jioni. Tangu tufunge mlango wa Mikindani zilikuwa zimepita saa 61. Kati ya hizo, angani alikaa saa 18 hivi. Zilizobaki, 43, ni basi, ni kulala Mbagala, ni foleni, ni benchi, ni kusubiri kuitwa. Nilipompigia simu nikamuuliza Ndundu zilikuwa ngapi. Akafikiri kweli kweli. "Tatu," akasema. "Ya alama za vidole, ya ile ndege iliyosogezwa, na ya ule usiku."

Hilo ndilo jibu lililokuwa likitakiwa mwezi wa nane. Mama hakuwa anauliza urefu wa njia. Alikuwa anauliza ni mahali pangapi atafika asimame, na uamuzi wa kuendelea usiwe mikononi mwake.

Miezi mitatu aliyokaa kule, saa ndiyo iliyomsumbua kuliko theluji. Alizoea baridi kwa wiki moja. Lakini mwezi wa kumi na mbili jua la Toronto huzama kabla ya saa 11 jioni, na yeye mwili wake unajua kwamba magharibi ni saa 12. Alikuwa anapika chakula cha usiku saa 10. Dada akamweleza kwamba mwezi wa sita ni kinyume chake, jua linazama saa 3 usiku. Mama alikataa. Akasema maneno hayo hayawezi kukaa pamoja: kama kuna jua, si usiku. Na Kiswahili kiko upande wake. Jaribu kuyatamka kwa sauti, "jua lilikuwa linawaka saa tatu kasoro usiku," usikie lugha inavyokataa.

Ikabidi aishi na saa mbili. Ukutani ile ya huko. Mkononi ile ya kwetu, aliyokataa kuigeuza. Tofauti ni saa 8 wakati wa baridi, na inakuwa saa 7 wao wanaposogeza saa zao mbele mwezi wa tatu. Tulijifunza kuzungumza kwenye vipenyo: asubuhi yake ni jioni yetu, usiku wake ni alfajiri yetu. Kilomita 13,180 ukishazivuka zimekwisha. Saa 8 haziishi. Ziko pale kila unapotaka kumwambia mtu jambo na yeye kalala.

Kurudi kulikuwa kwepesi, na mama analisimulia hilo kuliko yote. Toronto hadi Addis ndege haikusimama popote, saa 13 hivi, wakati kwenda kulichukua zaidi ya 16 ukihesabu na kusimama Dublin. Niliulizwa sana dukani: iweje njia ni ile ile? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kimo. Uwanja wa Addis uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hata Newala kule juu Makonde hakufiki mita 1,000. Kwenye hewa nyepesi namna hiyo ndege haiwezi kuruka na mzigo wote wa mafuta ya safari ndefu, kwa hiyo inaruka na pungufu, inaongeza njiani. Toronto ni tambarare ya chini, tangi linajazwa. Ya pili ni upepo. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, upande wa kaskazini wa dunia kuna mto wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Kanada anaupanda kama mtu anayepiga makasia kinyume na maji. Anayerudi unambeba.

Marehemu babu, aliyekuwa nahodha wa jahazi hapa Mikindani, asingeuliza swali hilo. Kwake safari ya Unguja haikuwa na urefu mmoja. Ilikuwa na urefu wa kusi na urefu wa kaskazi. Alipanda na kusi, akangoja, akateremka na kaskazi, na asiyejua upepo hakuweza kujibiwa ni siku ngapi. Nadhani tulipopata barabara na saa za ukutani ndipo tulipoanza kuamini kwamba umbali una namba moja.

Limebaki la mtoto. Alizaliwa Jumanne saa 3 usiku, kwa saa ya Toronto. Simu ililia kwangu saa 11 alfajiri, adhana imeshaisha, na kwangu ilikuwa Jumatano. Cheti cha huko kikaandikwa Jumanne. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akika ifanyike Mikindani, kwa ndugu, siku ya saba, na mbuzi alikuwa ameshanunuliwa. Siku ya saba ni ipi? Dada, kwa cheti chake, akasema Jumatatu. Mimi, kwa simu yangu, nikasema Jumanne. Tukabishana kwa ujumbe mchana mzima, kila mmoja na saa yake.

Mama alipoamka akatuuliza jambo moja tu: jua lilikuwa limezama? Dada akasema lilizama tangu saa 11 kasoro. "Basi," akasema mama, "huo ulikuwa usiku wa Jumatano. Mtoto ni wa Jumatano, huko na huku." Kwetu siku huingia na magharibi, usiku ukatangulia mchana wake, tulilijua hilo tangu utotoni na sote wawili tulilisahau kwa sababu ya karatasi.

Jumanne iliyofuata, saa 2 kasoro robo asubuhi, tulikuwa uani Mikindani, wajomba wamekusanyika, kisu kimenolewa, simu nimeiegemeza kwenye kinu ili mama aone. Toronto ilikuwa saa 6 kasoro robo usiku. Nikamsikia dada nyuma yake akisema tungoje kidogo, huku bado ni Jumatatu. Mama alikuwa amempakata mtoto, hakugeuka kumtazama.

"Jumanne imeingia tangu magharibi," akasema. "Chinjeni."